Msimrudishe kwao: barua kwa waume wa Mbeya

Wanangu,

Nawasalimu kutoka Uyole. Nawaandikia ninyi ambao majibu ya kinyama, kile kipande kidogo kilichokatwa kikapimwe, yametoka, mke amekutwa na saratani ya mlango wa kizazi, na sasa nyumbani vikao vya ukoo vimeanza.

Katika vikao hivyo, kabla hata dawa haijazungumzwa, kuna mtu atasema kwa upole: "Arudi kwao kwanza, akauguzwe na mama yake." Usikubali, mwanangu. Ulimtoa kwao akiwa mzima, akakuzalia, akakulimia. Mama mkwe akitaka kusaidia, mtumie nauli aje kwako. Wanawake niliowaona wakirudishwa walikatiza matibabu, maana kule hakukuwa na wa kuwahimiza kliniki wala wa kuwalipia basi. Jambo hili linaniuma, na sitaacha kulisema.

Wengine wanamrudisha kwa sababu ya maneno ya mtaani. Saratani hii inaletwa na kirusi cha HPV, ambacho watu wengi walioanza tendo la ndoa hukipata wakati fulani. Kwa wengi mwili hukimaliza wenyewe. Kwa wachache hukaa miaka mingi kimya, ndipo saratani ikaja. Kwa hiyo usimuulize amekitoa wapi. Huenda amekipata kwako, na hakuna kipimo cha kuamua ugomvi huo. Saratani yenyewe haiambukizi. Kuleni sahani moja, laleni kitanda kimoja. Akitibiwa kwa mionzi ya mashine ya nje, nayo haibaki mwilini, basi watoto wampakate mama yao.

Kwa daktari ingia naye, usibaki nje na simu. Mtu akishasikia neno saratani, yanayofuata hayamwingii. Chukua daftari, uliza iko hatua ya ngapi, anaanza na nini, wapi, lini. Lakini kuamua mwachie mwenyewe. Mwili ni wake.

Wengi mtaandikiwa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Mionzi hutolewa siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kinachomaliza watu ni malazi na chakula kuliko nauli. Tafuta ndugu wa kumpokea mapema. Na kabla hujauza ng'ombe au kiwanja, pita ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini ueleze hali yako, na uulize bima yako inalipia nini. Kuna waliouza kwanza, wakauliza baadaye.

Nyumbani, jiandae kwa vitu vidogo. Mchele wa Kyela aliokuwa akiupenda kwa harufu yake, akiwa kwenye dripu za dawa ya saratani anaweza kutoka nje mbio ukifunua sufuria. Usinune, wala usiseme anadeka. Mpe uji wa vuguvugu, ndizi, chochote kinachopita, kidogo kidogo. Akipata homa ya 38 au zaidi, usimpe panadoli mkasubiri kuche: dripu hizo hupunguza kinga, na homa hiyo ni ya kukimbizwa hospitali usiku ule ule.

Chumbani pia nitasema, maana wazee wengi wanaona aibu. Baada ya mionzi tendo la ndoa linaweza kumuumiza. Subiri, muulizeni daktari pamoja, zipo njia za kumsaidia. Asije akavumilia maumivu kwa kuogopa utatafuta mwingine.

Mabinti zenu wapelekeni chanjo ya HPV. Serikali ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018.

Mwenye safari ya Dar ambaye hana pa kuwaacha watoto, aje aniambie. Bibi yao yupo, nafasi ipo, na shule iko karibu.

Mzee wenu, Uyole