Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mradi wa Watoto wa Kuchora Wanyama

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba tulilazimika kununua karatasi nzito, maana ile ya daftari ikilowa hujikunja na kuchanika, na watoto wetu hawana huruma na maji.

Mwanzoni mwa mwaka tuliacha rangi ya mafuta. Baadhi yenu mlinung'unika kuwa tunamsaliti Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo wa kuchora wanyama unaobeba jina lake. Tukumbushane: Edward Saidi Tingatinga, mwana wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alishika alichokipata, yaani hadibodi na rangi ya baiskeli. Sisi tumezungukwa na mafundi cherehani, tukaokota vipande vya vitenge. Nani kamsaliti nani? Tena rangi ile ya mafuta ilikuwa haikauki upesi, na kuwasafisha watoto mikono kwa mafuta ya taa sikukupenda hata siku moja.

Zoezi lililowashika zaidi ni la pundamilia. Mtoto anachora milia kwa krayoni nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Haoni kitu, anadhani tunamchezea. Kisha anapitisha brashi yenye rangi nyeusi ya maji. Nta inayakataa maji, milia inatokeza yenyewe. Kelele zake mlizisikia hadi nje. Kobe naye alivalishwa gamba la vitenge, kila pande kitambaa chake, na kifaru akanyunyiziwa mchanga juu ya gundi mbichi ili ngozi ikwaruze kidole.

Makosa yalikuwepo. Gundi ya unga wa ngano tuliipika wenyewe kubana matumizi, mende wakaila usiku pamoja na masikio ya tembo. Sasa michoro inakaushwa juani kwanza, kisha inatundikwa kambani. Krayoni tulizoziacha stoo chini ya bati ziliyeyuka zikawa bonge moja. Nilitaka litupwe. Watoto wakagundua kwamba ukiliburuza linatoa rangi nne kwa mpigo, na leo ndilo wanalogombania.

Ninawaomba mabaki ya vitambaa vya pamba; vile vya kuteleza gundi haivishiki. Vifungo pia, kwa ajili ya macho. Na tunahitaji mtu wa kushika ufunguo wa stoo, kwani mimi mara mbili nimewaacha watoto wakinisubiri mlangoni.

Mwenyekiti