Mnara ni wa kengele, ncha ni paa lake

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Umeniuliza kwa nini makanisa yana minara yenye ncha. Utaambiwa kwamba inaelekeza mbinguni. Si uongo, ila maana hiyo ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni kengele. Kengele ikitundikwa chini, sauti yake humezwa na kuta za jirani. Ikipanda juu ya mapaa yote, husikika mbali. Ndiyo maana chumba cha kengele huwa juu, na madirisha yake hayana vioo bali mbao au mawe yaliyolazwa mshazari: sauti inatoka, mvua haiingii.

Ile ncha, basi, ni paa la mnara. Mnara wa kengele wa Pisa, Italia, ulioanza kujengwa 1173, umesimama kando ya kanisa na hauna ncha kabisa. Kaskazini mwa Ulaya, kwenye mvua na theluji, paa lilisimamishwa ili maji yateremke upesi. Kisha miji ikaanza kushindana, na huo ndio ukweli ambao mapadri hawakuuhubiri. Ncha ya kanisa la Ulm, Ujerumani, iliyokamilika 1890, inafika mita 161.5.

Urefu una gharama yake. Kwenye kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, mnara na ncha viliongeza tani zipatazo 6,500 juu ya nguzo ambazo hazikupangiwa mzigo huo. Ukisimama katikati ya kanisa utaziona zimepinda. Ncha ya kanisa la Chesterfield, Uingereza pia, ni kioja zaidi: fremu ya mbao iliyovikwa mabamba ya madini ya risasi, tani kama 32. Mafundi hutaja mbao mbichi zilizojipinda zilipokauka, mihimili ya kukingama isiyotosha, na jua linalopasha risasi upande mmoja zaidi ya mwingine. Imejisokota nyuzi 45 na kuinama karibu mita 2.9, na bado imesimama!

Kengele nayo ni mzigo unaotembea. Ile inayozungushwa duara zima husukuma kuta kwa nguvu inayoweza kufika mara mbili ya uzito wake. Kwa hiyo fremu inayobeba kengele huwekwa chini kadiri sauti inavyoruhusu, na kengele hupangwa zibembee pande tofauti ili misukumo ipunguzane.

Adui mkubwa ni radi. Iliiteketeza ncha ya kanisa la zamani la St Paul's, London, mwaka 1561. Kinga yake ni fimbo ya chuma kileleni na utepe wa shaba unaoshuka bila kona kali hadi kwenye vyuma vilivyozikwa, na upinzani wa ardhi, yaani kiasi udongo unavyozuia umeme kupita, usizidi omu 10 (omu ni kipimo cha upinzani huo). Watu hukagua fimbo ya juu kwa sababu ndiyo inayoonekana, lakini kinachooza ni kiungo cha chini, udongoni. Kikiachia, umeme hurukia ukutani, unyevu uliomo kwenye mawe hugeuka mvuke ghafla, na mawe hupasuka. Wakikualika kwenye kamati ya ujenzi, waombe wakifukue hicho kwanza.

Wako,
Yusto