Shukrani kwa dada wa maktaba

Mume wangu alikuwa akijua kila nilichoandika, hata barua pepe nilizozifuta. Dada uliyekuwa zamu kwenye kompyuta za maktaba, jina lako silitaji kwa usalama wako, asante. Ulinieleza kwamba huenda kompyuta yetu ya nyumbani ina programu inayonakili kila kitufe ninachobonyeza, na kwamba nikiing'oa ghafla atashtuka, na hapo ndipo hatari huzidi. Ukanisaidia kufungua anwani mpya ya barua pepe palepale, yenye nywila asiyoweza kuikisia, namba ya uthibitisho ikienda kwenye simu ya mama yangu. Kompyuta ya nyumbani ukaniambia niendelee kusomea habari na mapishi tu, asishuku. Ujanja huo kwa mtu mpole vile! Mnaohudumia watu kwenye kompyuta, mtu akiwanong'oneza kuwa anafuatiliwa, mpeni mashine nyingine kwanza, maswali baadaye.