Risala ya Akina Mama Wauza Dagaa wa Mwalo wa Kibirizi, Kigoma, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kugawana Hisa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wanakikundi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kufika. Umechelewa saa tatu tu. Wapo waliothibitisha kuja na mpaka leo tunawangoja.

Tulianza akina mama 12, sasa tuko 34. Tumesajiliwa halmashauri, daraja la nne, yaani la vikundi vya kijamii, kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mafanikio ni makubwa mno: chanja nane za kuanikia, maturubai mawili, na viti 50 vya plastiki ambavyo, bila kujisifu, mwalo mzima hakuna. Hivyo mlivyokalia ni vyetu.

Sasa tuseme tulichokuitia.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Lilipofunguliwa, giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa, lilikuwa jema, wateja wa Kongo na Burundi wakalipa taslimu. Mweka hazina akapeleka benki shilingi milioni 11. Keshia akauliza zimetoka wapi. Mheshimiwa, noti zenyewe zilikuwa zinanuka dagaa! Akaunti ikasimamishwa miezi minne kwa shaka ya fedha haramu, na Januari ya ada ikatukuta humo.

Sheria ya kuzuia fedha haramu hatuipingi. Ipo tangu 2006, na hapa mpakani tunajua zipo fedha za kutilia shaka. Ila binti yetu anayesomea uhasibu ametueleza utaratibu wenyewe: kaza palipo na hatari kubwa, legeza palipo na hatari ndogo. FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka viwango vya kupambana na fedha haramu, imeuweka mbele tangu 2012, na Februari 2025 ikasisitiza tena kwamba masharti yalingane na hatari, watu wa kawaida wasifungiwe nje ya benki. Juni mwaka huohuo Tanzania ikatoka kwenye orodha yake ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu. Vigelegele tulipiga. Dirishani maswali ni yaleyale kila tukiweka, kwa hiyo tumeacha kuweka.

Fedha ziko kwenye sanduku la kufuli tatu, chini ya kitanda cha mweka hazina, na mumewe hapati usingizi. Huko hakuna afisa anayeziona. Hatujui ni mhalifu gani aliyezuiwa hapo.

Mgeni rasmi aliyekutangulia alisomewa haya haya. Aliikunja risala vizuri, akaitia mfukoni mwa koti, akasema, "Hili nimelibeba." Koti lile hatujaliona tena.

Tunakuomba, kabla ya giza lijalo, uje na meneja wa tawi mwaloni alfajiri, mitumbwi ikirudi. Apitie daftari la mauzo, aandike kwenye faili letu tunachotarajia kuingiza kila msimu. Akikuta milioni 11 asishtuke. Akikuta milioni 200, atuulize.

Tumechapa nakala mbili. Moja yako, moja inabaki kwa katibu. Tunaomba uzisaini zote mbili, na uandike tarehe ya kuja.

Karibu dagaa.