Barua ya wazi kwa Waziri wa TEHAMA, Kaunti ya Mombasa

Mheshimiwa Waziri,

KUH: ULINZI WA DATA NYETI KATIKA HIFADHI YA WINGU

Sisi tunaoshughulika na seva na mitandao hapa Mombasa hatupingi rekodi za umma kuhamishiwa kwenye wingu, yaani seva za kampuni zinazofikiwa kwa intaneti. Tunachokiogopa ni kauli kwamba "usalama ni kazi ya kampuni" inayotoa huduma hiyo.

Kampuni hulinda jengo, umeme, mashine na diski. Nani ana akaunti, folda ipi iko wazi, ufunguo wa usimbaji, yaani wa kufungulia data zilizofichwa kwa msimbo, anao nani: hayo ni ya mteja, na mteja ni kaunti. Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani iliibiwa data za watu zaidi ya milioni 100 zilizohifadhiwa kwa AWS, huduma ya wingu ya Amazon. Ngome ya mtandao ya benki yenyewe iliwekwa vibaya, na ruhusa zilizokuwa nyuma yake zilikuwa pana mno. Faini ya dola milioni 80 ilitozwa benki.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu data za afya kuwa nyeti. Data zikivuja na kuhatarisha wenyewe, kifungu cha 43 kinatoa saa 72 za kumwarifu Kamishna wa Data tangu uvujaji ujulikane. Utamwarifu nini bila rekodi? Kwa AWS, historia ya matukio hukaa siku 90 tu, tena haionyeshi nani alisoma faili ipi mpaka uiwashe rekodi hiyo na kuilipia. Wengi huligundua hilo maji yakiwa yamezidi unga.

Kwa hivyo zabuni itamke kwamba funguo za usimbaji zinashikwa na kaunti, na kwamba akaunti ya mwanakandarasi inajifunga yenyewe mkataba ukiisha. Akaunti kuu isilindwe kwa nambari za siri za SMS, maana laini za simu huhamishwa kwa ulaghai kila leo. Zinunuliwe funguo mbili za USB za kuingilia akaunti hiyo, moja ikae kwenye sefu. Bekapu, yaani nakala ya akiba ya data, ikae kwenye akaunti tofauti, na irejeshwe kwa majaribio kila robo mwaka. Bekapu ambayo haijawahi kurejeshwa sisi hatuihesabu.

Juu ya yote, ateuliwe ofisa mmoja wa kuwajibika, si kamati, na jina lake litangazwe kabla ya zabuni ijayo kufunguliwa.

Wako mwaminifu,
Wataalamu wa mifumo ya kompyuta, Mombasa