Barua kwa Baba Mdogo kuhusu timu ya kiwanda

Warszawa, 29 Mei 2025

Baba Mdogo Seif,

Shikamoo. Assalaam alaykum wewe, Mama, Shangazi Mwanaidi na wote mlio chini ya paa hilo. Sisi huku hatujambo. Olena anawasalimu, watoto wanaendelea na shule, na mimi tangu Aprili nimekabidhiwa usimamizi wa zamu nzima pale karakana, jambo ambalo naomba umwambie Mama kwa sauti, kwa kuwa mgeni kupewa zamu mbele ya wenyeji si jambo dogo katika nchi hii.

Barua yako Zuhura aliipiga picha ukurasa baada ya ukurasa, na nimeisoma yote kwa makini. Unaniomba shilingi milioni 2, nusu kwa ajili ya jezi na nusu kwa ajili ya shughuli ya kumkabidhi timu yule mfanyabiashara wa mafuta. Baba Mdogo, fedha hazijaniuma. Kilichoniuma ni kusikia kwamba kikao kilifanyika barazani kwetu, chini ya ile picha ya marehemu baba akiwa na glavu zake za ukipa, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyeitwa, ilhali Shaabani anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Baba alidakia timu hiyo akitoka zamu ya usiku kiwandani. Kama kuna watu waliostahili kuulizwa kabla ya neno «kukabidhi» kutamkwa, ni watu wa nyumba hiyo.

Unasema kwamba kiwanda kimekufa, timu haina baba, na kwamba tajiri akitaka kuwa baba tusimzuie. Nimelifikiria neno lako kwa siku kadhaa, na kila nilipolifikiria nimejikuta nikirudi kwenye timu ya Dnipro, mji wa Ukraine nilikosoma, nilikooa na nilikofanya kazi hadi 2022. Ninyi mnaifahamu kwa jina tu, kwa sababu ya zile picha nilizowatumia kutoka Kyiv. Juzi tarehe 27 imetimia miaka 10 tangu Dnipro icheze fainali ya Ligi ya Europa hapahapa Warszawa. Tramu ninayopanda kwenda kazini hupita kando ya uwanja ule, na kila asubuhi nauona. Timu yenyewe leo haipo. Naomba univumilie nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu naiona njia ileile ikifunguliwa mbele yenu.

Timu hiyo ilianza mwaka 1918 miongoni mwa watu wa kiwanda cha chuma cha kampuni ya Bryansk, kile ambacho baadaye kilipewa jina la Petrovsky. Ilibadili majina mara nyingi, na kwa muda mrefu majina hayo yalikuwa ya kazi: iliitwa Stal, yaani chuma cha pua, na iliitwa Metalurh. Kwa zaidi ya miaka 40 ilikuwa timu ya wayeyusha chuma, haina makuu, inapanda na kushuka. Mwaka 1961 ikachukuliwa na kiwanda kingine kabisa, Pivdenmash, ambacho Warusi walikiita Yuzhmash, na hapo ndipo ilipopewa jina la mto unaopita katikati ya mji. Pivdenmash kilianzishwa mwaka 1944 ili kiunde magari, kisha mwaka 1951 serikali ikakigeuza kuwa kiwanda cha makombora. Baba mkwe wangu alichonga vyuma pale maisha yake yote ya kazi. Ukimuuliza wakati ule anatengeneza nini, jibu lilikuwa moja: matrekta. Naye hakudanganya, kwani matrekta yalitoka kweli mle ndani, yakaonekana mashambani nchi nzima, na mengine yaliyotoka humo hayakutajwa hata mezani kwa chakula.

Mkurugenzi wa kiwanda, Oleksandr Makarov, aliupenda mpira, na kiwanda cha namna ile hakikunyimwa kitu. Mwaka 1966 kilifungua uwanja wake, Meteor. Mwaka 1969 kocha kijana ambaye hakuwa na jina bado, Valeriy Lobanovskyi, alipewa timu, na mwaka 1971 akaipandisha Ligi Kuu ya Umoja wa Kisovieti. Wachezaji wa timu za viwanda enzi hizo waliandikwa katika orodha za mishahara za viwanda vyao, kama marehemu baba alivyoandikwa fundi wa mashine ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, aliigusa wakati wa likizo ya ligi tu. Nilipomsimulia baba mkwe habari hiyo, alinishika mkono akasema kwamba baba yangu na yeye walikuwa watu wa kiwanda kimoja.

Mwaka 1983, siku ya mwisho ya ligi, Dnipro ilicheza na Spartak ya Moscow palepale Meteor na kushinda 4–2, ikawa bingwa wa nchi kubwa kuliko zote duniani kwa mara ya kwanza. Baba mkwe alikuwapo uwanjani. Hakuna harusi wala msiba katika familia ile ambapo mchezo huo haukusimuliwa, nami ninaweza kukusimulia kama niliyeuona kwa macho. Lakini linalonigusa zaidi ni lililofuata. Ubingwa uliipeleka timu katika Kombe la Ulaya, na mji wenyewe, kwa sababu ya makombora, ulikuwa umefungwa. Mgeni kutoka nje ya nchi hakuruhusiwa kuingia hadi 1987. Kwa hiyo mabingwa hawakuweza kuwapokea wageni wao nyumbani. Machi 1985 walipofika robo fainali na kukutana na Bordeaux ya Ufaransa, ile ya Giresse na Tigana, mchezo wa nyumbani ulichezwa Kryvyi Rih, mji mwingine wa migodi ya chuma. Baba mkwe alisafiri na wenzake wa karakana kwa basi kwenda kuishangilia timu ya mji wake ugenini, katika mchezo ulioitwa wa nyumbani. Matokeo yalikuwa sare 1–1 kama ilivyokuwa Ufaransa, wakaenda kwenye penalti, Bordeaux wakapita. Hadi leo anaamini kwamba pale Meteor wasingetolewa, nami sijawahi kumpinga.

Tena nakuomba uutazame mwaka 1988. Kabla ya msimu kuanza, Dynamo Kyiv, wakubwa wa Ukraine yote, waliwachukua Oleh Protasov na Hennadiy Lytovchenko. Protasov ndiye aliyefunga mabao 35 katika ligi ya 1985. Ni sawa na timu yetu kupokwa washambuliaji wake wote na Simba usiku mmoja. Kila mtu alisema Dnipro imekwisha. Kocha Yevhen Kucherevskyi akawapanga waliobaki, wakachukua ubingwa, na Dynamo wenye wachezaji wale wawili wakamaliza nafasi ya pili. Mwaka uliofuata wakachukua na Kombe la Kisovieti kwa kuifunga 1–0 Torpedo ya Moscow, nayo timu ya kiwanda, cha magari. Huo ndio uliokuwa uwezo wa timu yenye kiwanda nyuma yake, Baba Mdogo, na ninakubaliana na wewe kwamba zama hizo hazirudi.

Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, maagizo ya makombora yalikauka. Leonid Kuchma, aliyekuwa mkurugenzi wa kiwanda tangu 1986, aliingia katika siasa na mwaka 1994 akawa Rais wa Ukraine; kiwanda alichokiacha kilibaki na karakana zilizonyamaza na watu waliodai mishahara. Timu ikaangukia mikononi mwa matajiri wa benki ya Privat, na jina lililosimama mbele lilikuwa la Ihor Kolomoiskyi. Sitasema uongo ili kuipa hoja yangu nguvu: tajiri alileta mambo. Mwaka 2008 ulifunguliwa uwanja mpya, Dnipro-Arena, wenye viti takriban 31,000, mzuri kuliko uwanja wowote niliokuwa nimekanyaga hadi siku hiyo. Alikuja kocha Juande Ramos kutoka Hispania, na baada yake Myron Markevych. Tulikuwa na Konoplyanka katika winga, Rotan katikati, Kalinić mbele, Boyko golini. Mimi mwenyewe niliamini, kama unavyoamini wewe sasa, kwamba mwenye fedha akiipenda timu mambo yamekwisha.

Msimu wa 2014 na 2015 vita vilikuwa vimeanza mashariki, na UEFA haikuruhusu michezo yake ichezwe mjini kwetu, kwa hiyo timu ikahamishiwa Kyiv. Kwa mara ya pili katika maisha yake Dnipro ilicheza nyumbani ikiwa ugenini, miaka 30 baada ya ile safari ya Kryvyi Rih, na baba mkwe alilisema jambo hilo ndani ya treni kabla sijalifikiria. Waliwatoa Olympiacos, Ajax na Club Brugge. Katika nusu fainali walitoka sare 1–1 na Napoli kule Italia, na marudiano tukaenda wawili, yeye na mimi. Tulikuwa zaidi ya watu 60,000. Dakika ya 58 Konoplyanka alimimina krosi kutoka kushoto, Yevhen Seleznyov akaruka juu ya beki na kuupiga kichwa, na mzee yule, ambaye nilimjua kwa ukimya wake, alinikumbatia kwa nguvu hadi kofia yake ikaanguka safu ya chini. Boyko alimzuia Higuaín mara kwa mara, na mimi mtoto wa kipa nilijua ninachokitazama. Filimbi ilipolia watu walimiminika uwanjani. Mzee hakwenda. Alikaa kwenye kiti chake, ametulia, anawatazama vijana wakikimbia kwenye majani. Nilitamani mno baba angekuwa kiti cha pembeni.

Fainali niliitazama kwenye televisheni kule Dnipro. Kalinić alifunga dakika ya 7. Sevilla wakasawazisha na kuongeza, kisha dakika ya 44 Rotan akapiga mpira wa adhabu uliopinda na kuingia, 2–2. Dakika ya 73 Bacca akafunga bao lake la pili. Mwishoni Mbrazili wetu Matheus alianguka na kupoteza fahamu, nafasi zote za kubadili wachezaji zilikuwa zimeshatumika, na Dnipro ikamaliza ikiwa na watu 10. Ilifungwa 3–2, na mji mzima ulitembea barabarani usiku ule bila mtu kugombana na mtu.

Haukupita mwaka. Machi 2016 UEFA iliifungia klabu kushiriki mashindano yake kwa sababu ya madeni, na ingawa timu ilimaliza nafasi ya 3 katika ligi, nafasi hiyo haikuwa na faida. FIFA nayo ikaanza kuipoka pointi kwa fedha ambazo makocha na wachezaji wa zamani hawakulipwa. Mwaka 2017 ikashushwa moja kwa moja hadi daraja la tatu, mwaka uliofuata ikaangukia ridhaa, na 2019 ikafungwa kabisa. Miaka minne tu kutoka fainali ya Ulaya hadi kuzimika. Mji ulipata timu nyingine mpya, Dnipro-1, iliyotumia uwanja uleule na kushika nafasi ya 2 katika Ligi Kuu mwaka 2023. Nayo ilijitoa kwenye ligi mwaka jana. Niliyemshuhudia akiumia ni baba mkwe, aliyeuliza swali moja ambalo hakuna aliyemjibu: ni nani aliyeulizwa? Kiwanda kilipoichukua timu hakikuuliza watu, na matajiri walipoichukua hawakuuliza watu, kwa hiyo siku ya kuiokoa hapakuwa na mtu mwenye karatasi mkononi ya kumwezesha kusimama na kusema kwamba timu hii ni yangu pia.

Basi ombi langu ni hili. Yule bwana wa mafuta akaribishwe, apewe heshima yake, jina la biashara yake likae kifuani mwa jezi. Lakini timu asikabidhiwe. Simba na Yanga, kwa ukubwa wao wote, walipotaka kuingiza wawekezaji waliambiwa kwamba wanachama wabaki na asilimia 51. Sisi ni akina nani hata tutoe zote kwa shughuli ya siku moja na pilau? Hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la wanachama, na isiwekwe rehani kwa deni la mtu yeyote. Orodha ya wanachama ifufuliwe kutoka lile daftari la rangi ya kijani ambalo Mama anajua lilipo. Najua utaniambia habari za Mtibwa, kwamba waliuchukua ubingwa 1999 na 2000 kwa sababu kiwanda cha sukari kilikuwa hai na mwenye mali alitaka. Ni kweli kabisa, na nilifurahi kama wewe, ila huyu wenu hana kiwanda wala wafanyakazi wanaoishi nyuma ya goli.

Kuhusu hali yetu tangu 2022 nilishawaeleza, sirudii. Baba mkwe alikataa kuhama. Novemba iliyopita kiwanda chake kilipigwa kwa kombora, naye ni mzima, anaishi ghorofa ileile, na kila nikimpigia simu ananiuliza timu ya baba yangu imeshinda au imefungwa. Nimemwambia itacheza Jumapili.

Fedha za jezi, shilingi milioni 1, nitazituma kwa simu ya Zuhura ifikapo Ijumaa, na nimemwomba azilipe dukani yeye mwenyewe. Ile nusu nyingine sitaituma kwa ajili ya makabidhiano. Nitaituma siku Shaabani atakapoitwa kikaoni, kwa ajili ya wakili wa kuandika katiba na kushughulikia hati ya kiwanja, na ikipungua nitaongeza. Nijulishe jibu la wazee kabla ya mwezi kwisha.

Ni mimi mwanao,
Idrisa