Wolnati ya dukani mara nyingi ni rangi tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wanunuzi wa fanicha, na pia mafundi wenzangu. Siku hizi meza, makabati na vitanda vinauzwa kwa jina la "wolnati", na mnunuzi analipa akiamini amepata mbao ya mjozi, mti ambao Kiingereza huuita walnut. Mara nyingi alichopata ni MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) au chipubodi (ubao wa vipande vya mbao na gundi) iliyobandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Karatasi hiyo haina ubaya ikiuzwa kwa bei ya karatasi. Tatizo ni kwamba jina hilo moja linabeba vitu vitatu: mbao nzima, vinia (utando mwembamba wa mbao halisi) na picha.

Wengi hupima kwa kunyanyua, wakidhani kizito ndicho halisi. Kipimo hicho kinadanganya. Mjozi mweusi wa Marekani, ambao kitaalamu ni Juglans nigra, ukikauka una uzito wa takriban kilo 610 kwa mita ya ujazo. MDF ya kawaida hupita kilo 700. Shiti ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 18 ina karibu kilo 39, na mjozi wa kipimo hichohicho una kama kilo 33.

Kagua ncha ya ubao. Kwenye mbao nzima, mistari ya juu inakunja kona na kushuka hadi kwenye ncha, na pale nchani utaona vitundu vidogo vikipungua ukubwa kuelekea mwisho wa kila pete ya mti. Kwenye karatasi mistari hukatika ukingoni, kisha unaanza ukanda uliobandikwa. Pitisha ukucha utausikia. Tazama pia kama fundo lilelile linajirudia kwenye mlango wa pili wa kabati. Mti haurudii fundo.

Vinia nayo ni mjozi wa kweli, ila ni ngozi ya takriban nusu milimita juu ya ubao mwingine. Ni kazi nzuri ikibandikwa vizuri. Fundi akileta mashine ya msasa namba 80 kuondoa mkwaruzo, ngozi inatoboka kwa sekunde chache na haina marekebisho. Tumia mkono, msasa namba 220, kwa kufuata nyuzi.

Sasa niseme na mafundi, maana mbao nzima ya mjozi ikifika karakana za pwani huharibiwa na mazoea yetu ya mninga. Mninga umetulia mno. Husinyaa na kuvimba kidogo kuliko mbao nyingi, na ndiyo maana tunaweza kuubana kwa skrubu na gundi kila upande na bado ukatusamehe. Mjozi hausamehe. Unatoka kwenye tanuri Marekani ukiwa na unyevu wa asilimia 6 hadi 8. Kwa hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa utapanda hadi kama asilimia 14. Meza yenye upana wa futi 3, ya mbao zilizopasuliwa kawaida, inaweza kutanuka kwa milimita 15 hivi, zaidi ya nusu inchi. Ukiwa umeibana pande zote, ama juu patapinda, ama fremu itaachia kwenye maungio. Droo zilizoingia vizuri siku ya kukabidhi kazi zitakwama.

Kwa hiyo mbao ikifika usiikate. Ipange juu ya sakafu, isiguse saruji, ukiweka vijiti vya inchi moja kila baada ya futi moja na nusu, vijiti vya juu vikae sawasawa juu ya vya chini, kisha weka uzito juu kabisa. Ubao wa inchi moja uache wiki 3 hadi 6. Pima kwa kipima unyevu, na anza kazi namba ikiacha kupanda. Hata hapo uso wa meza uachiwe nafasi: skrubu ya katikati ikazwe moja kwa moja, lakini za pembeni zipite kwenye matundu marefu ya sentimita 2 yaliyoelekea upana wa meza. Paneli ya mlango ikae kwenye mfuo bila gundi. Meza ya Dar ikihamishiwa Dodoma, au kwenye ofisi ya kiyoyozi mchana kutwa, itasinyaa tena, na matundu hayohayo ndiyo yatakayoiokoa.

Chuma kilicholowa ni adui mwingine. Mjozi una tanini, kemikali ya asili ya mbao inayogeuka nyeusi ikikutana na chuma chenye maji, na klampu ya chuma juu ya gundi mbichi huacha doa jeusi la bluu linalozama ndani. Weka nailoni katikati. Na tofauti na mbao nyingi, mjozi hupauka kwa jua badala ya kukolea: meza iliyo dirishani huelekea hudhurungi ya dhahabu, na mahali palipofunikwa na chombo hubaki peusi. Mweleze mteja mapema asije akadhani umempaka rangi.

Na anayepeleka maranda kwa wafugaji ayatenge ya mjozi mweusi. Farasi akilalia maranda hayo hupata ugonjwa wa kwato unaoweza kumlemaza.

Kwa wenye maduka, ombi langu ni dogo. Andikeni kwenye risiti: mbao nzima ya mjozi, vinia ya mjozi, au MDF yenye rangi ya wolnati. Mnunuzi akishajua anachonunua, bei mtaelewana.

Fundi seremala,
Keko, Dar es Salaam